Nguo ya Musumari wa Kwanza

Naanza na benye balikuwa pale siku ya kufungua exposition, yale maonyesho ya mujukuu wangu, ili mujue nani alisikia.

Kulikuwa mujukuu wangu, mwenye vitu vyake vilitundikwa mu ile dépôt, ghala ya kahawa. Yeye ni mutoto wa binti yangu, ule mwenye tulizika. Kulikuwa mudogo wake wa kumufuata, tumbo moja, baba tofauti. Huyo alitoka Beni asubuhi na pikipiki, alifika na vumbi mupaka ku kope. Kulikuwa baba wa huyu mudogo, mukwe wangu, mulimaji wa kahawa wa Kasugho. Kulikuwa mama mukunga, jirani yangu wa hapa Vulamba, mwenye alizalisha binti yangu mara zote. Kulikuwa shangazi ya mujukuu, dada ya baba yake, mama Mwislamu wa pwani ya Kenya, mwenye alikaa mu bisi siku tatu. Na kulikuwa mimi. Batu bengine wa quartier na banafunzi balijaza salle, mais hawa sita njo jambo linawahusu.

Majina ya bote ninayo. Hata la babu ya mama mukunga ninalo. Mu famille yetu mimi njo nashika majina. Mutu akifa, bananiita niseme alikuwa mutoto wa nani, mujukuu wa nani. Kijana akitaka kuoa, bananiita kwanza niseme kama damu zao hazikutane pahali. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, lakini kichwa hakijaangusha jina hata moja. Benye bananijua batashangaa kuona hapa sikuandika hata moja. Nitasema ni kwa nini, mbele kidogo.

Kwetu Banande mutoto hatafutiwi jina, analikuta. Binti wa kwanza wa mama ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, vile vile mupaka wa mwisho, na bavulana bana hesabu yabo. Ukisikia jina la mutu, unajua alitoka mu tumbo ya mama yake akiwa wa ngapi. Mu soko ya Butembo ukiita lile la binti wa kwanza, nusu ya bamama banageuka. Jina la ubatizo mutu anaweza kubadilisha akienda ku kanisa ingine. Lile la hesabu anazikwa nalo.

Binti yangu alikuwa anauza chai na mikate kule malori za kutoka mupaka wa Kasindi zinashusha mizigo. Shofere mumoja wa pwani alizoea chai yake. Alikuwa mutu mupole, lazima niseme. Kiswahili chake kilikuwa kirefu, kinatuchekesha. Akitaka sukari anasema, « Naomba unipatie sukari tafadhali, » na binti yangu anamujibu, « Sukari iko mbele yako, kwani uko mu maombi? »

Mimba ilipoonekana, hakukimbia. Alikuja nyumbani na mwenzake wa kumusemea, akasema anataka kutoa mbuzi. Kwetu mbuzi njo zinamutia mwanaume mu nyumba. Mume wangu alikuwa shemasi. Alimuangalia kofia, alimuangalia viatu, akamuuliza, « Mbuzi ya mutu wa barabara inakula nyasi ya wapi? » Bazee balicheka. Shofere hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango na birika ya chai. Niliingia, nikabamiminia bote, nikatoka. Mume wangu amekufa sasa, na singependa kumubebesha peke yake. Mimi nilikuwa na mudomo siku ile.

Mutoto alizaliwa, binti. Baba yake alimupa jina la mama yake wa pwani. Mama mukunga akaniuliza, « Na la hesabu naandika? »

Nikamuambia, « Ngoja kwanza. Huyu ana la kwao. »

Ngoja ile ilikaa miaka mitatu. Halafu binti yangu akaolewa na huyu mukwe wa Kasugho, mbuzi zote, hata ile ya shangazi wa bibi-arusi, harusi mu kanisa. Akazaa binti tena. Mama mukunga alikuwa na karatasi ku magoti. « Ni wa pili, » akasema, « donc naandika la pili. »

« Hapana. Andika la kwanza. »

« Mama, ule mwingine nilimupokea na hizi mikono. »

« Ule ni wa barabara. Huyu njo anafungua nyumba. »

Binti yangu alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Alikuwa anasikia. Niliona miguu yake inasukuma blanketi, basi. Mama mukunga akaandika.

Alizaa basichana batatu tena. Wa tatu akapata la pili, wa nne akapata la tatu, na ule wa mwisho akapata la nne. Nyumba nzima ilivaa viatu vya mwenzake, na batu bote balisema ni mu saizi yabo.

Ule wa kwanza, baba yake alimuchukua akiwa na miaka tano, akamupeleka pwani kwa mama yake mwenyewe. Kule alijifunza kusoma chuoni, kukaa chini wakati wa kula, kushona. Shofere alikufa mu accident mujukuu akiwa na miaka kumi na mbili, akarudishwa kwetu na kamfuko kamoja na leso mbili. Mukwe alisema nyumba yake ni ndogo. Njo akabaki kwangu. Halafu mama yake naye akafa, na ule mudogo akakuja kulala kwangu pia mwaka muzima. Balilala kitanda kimoja, kichwa huku, kichwa kule. Mudogo alimuita yaya, ni kusema dada mukubwa. Ule mwenye jina la binti wa kwanza anaita mwenzake yaya, kila asubuhi, mbele ya uji yangu, na mimi nawapa uji.

Ule mukubwa alienda Kinshasa kusoma kazi ya mikono, kuchora na kushona na kuchomea vyuma. Aliporudi alikuwa anasema Kiswahili cha baba yake, Kinande chetu, na Kilingala cha kule, na mu quartier balimuita mugeni mu lugha zote tatu. Hakukasirika. Alikuwa anapita kwa batu anaomba vitu: gunia, kipande cha bâche ya kufunikia mizigo, chambre à air ya ndani ya tairi la pikipiki, pagne ya kitenge ya mama mwenye amekufa. Batu balisema amekosa mume njo maana anaokota.

Siku moja alinikuta mu jiko napembua maharagwe. Akakaa ku kiti kidogo, magoti yake yanagusa kitunga yangu.

« Mukaka, » akasema, njo vile tunaita nyanya kwetu, « nipe majina yote. Kutoka mbali. »

« Ya kufanya nini? »

« Ya kazi. »

« Kazi gani ya majina? Wewe uko serikali? »

« Sema tu, mukaka. Simu inasikia. »

Nilifurahi, sitadanganya. Mutu wa siku hizi mwenye anauliza majina, ni bangapi? Nilianza kwa babu ya babu yangu. Nilishuka pole pole, mutu na bibi zake, batoto bake na hesabu yabo, wenye balikufa badogo nabo nikabataja. Maharagwe iliiva nikiwa bado nasema. Nikafika kwa mama yake. Nikasema jina la mama yake, nikasema: huyu alizaa bane. Wa kwanza ni fulani, wa pili ni fulani, wa tatu, wa nne.

Alikuwa amekaa pale. Magoti yake ku kitunga yangu.

« Umemaliza, mukaka? »

« Nimemaliza. »

« Wasingya, » akasema. Asante. Akafunga simu, akakula maharagwe, akasifu chumvi.

Mutaniuliza nilifikiri nini. Sikufikiri kitu. Ulimi uliruka pale vile mutu anaruka mufereji wa mbele ya nyumba yake, hata giza, hata bila kuangalia.

Sasa nirudi ku siku ya kufungua.

Ile dépôt ilikuwa ingali na harufu ya kahawa. Kulikuwa baridi yetu ya Butembo, bamama na majaketi juu ya pagne. Ku ukuta wa kwanza alikuwa ametundika barabara, ndefu, ya vipande vya bâche na chambre à air, chini ametia udongo mwekundu wa kwetu, na mwisho wake muchanga mweupe mwenye alichukua kwa baba yake mu chupa. Sikuipenda, mais nilijua ni barabara gani.

Mukwe alisimama mbele ya ile bâche, mikono nyuma. « Hii kwetu tunafunika nayo kahawa. »

« Njo hiyo, baba, » mujukuu akamujibu. « Niliitoa kwako. »

« Uliniomba? »

« Niliomba. Ulisema nitoe takataka zote. »

Batu balicheka, hata yeye alicheka kidogo.

Shangazi wa pwani alinikuta ku kiti, akainama, « Shikamoo, bibi. » Sikujua linajibiwa namna gani, nikamuambia wavukire, salamu yetu ya Kinande, akasema naam, tukaendelea vile, kila mutu na yake. Alinipenda. Alinishika mukono, akanionyesha leso moja yenye ilishonwa ku pagne ya bamama wa kanisa letu, mushono mudogo mudogo kama mayai ya chawa.

« Hii ya mama yetu, » akasema. « Alijifunga nayo siku ya kumpeleka huyu chuoni. Mtoto alilia njia nzima, anamwita bibi yake wa huku. »

« Alikuwa ananiita? »

« Wewe. Mukaka, mukaka. Sisi tukadhani ni chakula. »

Nilicheka. Mutu anaweza kucheka bila kujua kitu gani kinakuja nyuma yake.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na misumari mitano na nguo tano za batoto basichana, nguo ndogo, za kushonwa na kila kitu: gunia, pagne ya mama yabo, leso, vipande vya bati mu mapindo. Chini ya kila musumari aliandika na makaa: wa kwanza, wa pili, mupaka wa tano. Nguo nne zilikuwa na jina ku kifua, uzi mwekundu. Nguo ya musumari wa kwanza haikuwa na jina. Chini, ku gunia ya kahawa, aliweka radio ya zamani, na ndani ya radio sauti yangu ilikuwa inasema.

Kwanza niliona fahari. Batu baligeuka bananiangalia, mwanafunzi mumoja aliniita nyanya na Kilingala, « Koko, ni wewe? » Nilinyoosha kitambaa ku kichwa. Nilikuwa nashuka, kwa babu ya babu, kwa babu, na bazee benye balikuwa pale balikuwa banatikisa kichwa, banakuta bababu babo mu kinywa changu. Mama mukunga alikuwa pembeni yangu. Sauti ilipofika kwa binti yangu, akanishika kiwiko.

« Huyu alizaa bane, » radio ikasema.

Mugeni hangeona kitu. Mais mu salle ile Banande bote banajua hesabu tangu mu mugongo wa mama. Balisikiliza majina mane, baliangalia nguo, bakaangalia misumari. Jina la binti wa kwanza lilikuwa ku musumari wa pili. Halafu ikatoka sauti ya mujukuu, « Umemaliza, mukaka? » na sauti yangu, « Nimemaliza. » Na radio ikaanza tena kwa babu ya babu.

Shangazi aliinama ku sikio yangu. « Na huyu wetu mbona hakutajwa? Au imeharibika? »

Mama mukunga njo alisema, pole pole, kama mutu anasoma karatasi ya zamani: « Nilimuuliza. Nilimuuliza siku ile. »

Mudogo alikuwa amesimama mbele ya musumari wa pili. « Yaya, hii nguo ni mimi? »

« Ni wewe. »

« Uliniambia unashona nguo za batoto. Hukuniambia utanitundika hapa kama mwizi wa kuku. »

« Hukuiba. Ulipewa. »

« Basi lichukue. Mimi nitaitwa la pili. Nitalizoea. »

« Hakuna mwenye atazoea kitu, » mukwe akasema. Alikuwa ameacha kucheka. « Ukihama wewe, badogo bako bote banahama. Bako na carte d'électeur ya kupigia kura, bako na diplôme, mumoja yuko na mahari yake mu jina lile. Mimi nilikuta limeandikwa. » Akageukia kwangu. « Mama, hii hesabu ulitupa wewe. Sema nabo. »

Nilisimama. Magoti yangu hayapendi kusimama haraka, mais yalisimama.

« Zima radio, » nikamuambia mujukuu. « Nitasema upya. Nitasema vizuri. »

Aliniangalia kidogo. Akazima radio. Akatoa simu mu mufuko, akaileta karibu na kinywa changu. « Sema, mukaka. »

Salle nzima ilikuwa inangoja. Nikasema jina la binti yangu. Nikasema: huyu alizaa batano. Wa kwanza ni.

Pale nikaangalia. Mujukuu alikuwa mbele yangu. Nyuma yake mudogo alikuwa amejiwekea mukono ku kifua, pale nguo ilikuwa na uzi mwekundu, kama mutu anangoja bamuvue mbele ya batu. Huyu naye sikuwa na haki ya kumuvua. Alitoroka vita kule Mbau na batoto bake watatu ku mugongo na ku mikono, nyumba ilibaki, kitanda kilibaki, vyote vilibaki. Jina njo alifika nalo Beni. Na mukwe ananiangalia na mbuzi zake zote mu macho.

Nikasema lile la pwani. Lile baba yake alimupa.

« Naam, » shangazi akasema, na furaha. « Ndiye. »

Mujukuu alishusha simu. « Hilo ninalo, mukaka, » akasema. « Baba alinipa. Mimi niliomba la kwako. »

« Mutoto wangu, utalitoa ku nani? »

« Sijui. Wewe njo unajua majina. »

Hakupandisha sauti. Akafuta yale maneno mapya na kidole kimoja, nikiwa naona, akarudi ku gunia, akawasha radio. Batu balianza tena kutembea na kusema pole pole, vile banafanya ku matanga. Mutu aliniletea fanta. Nilishika chupa mupaka ikapata joto ya mikono yangu.

Exposition ile baadaye ilienda Beni, mu salle ya masomo. Sikuenda. Nilisema ni juu ya barabara, na kila mutu alikubali, maana barabara yetu ni sababu nzuri. Mujukuu alikuja kunipitia mbele ya kuondoka. Aliniletea sabuni na sukari, akaniuliza magoti. Anakuja kila mara. Ananiita mukaka vile vile. Hajaniuliza tena kitu kuhusu majina, na mutu mwingine akikuja kuniuliza mbele yake, anatoka inje kuangalia kama mvua itanyesha.

Mudogo njo alinipigia simu kutoka Beni.

« Mukaka, asubuhi naingia batu bengine bakiwa bado kufika. Natoa ile nguo yangu, naiweka ku musumari wa kwanza, yake naiweka ku wa pili. Najiwekea ile ya bila jina. Nikirudi jioni, amezirudisha. »

« Anakuambia nini? »

« Hakuna kitu. Hatusemezani. Natoa, anarudisha. »

« Tangu siku gani hamusemezani? »

« Tangu kwenu kule. »

Nikakumbuka kile kitanda, kichwa huku, kichwa kule. Nikamuuliza, « Na radio? »

« Inasema. »

« Banaacha inasema mupaka mwisho? »

« Mupaka mwisho, mukaka. Halafu inaanza. »

Njo maana sikuandika jina la mutu hapa. Ningeandika ya bote, ningefika ku lake, na lenye ningeandika pale lingekuwa ni lile analo tayari, ama ni lile nilivalisha mwenzake. Nikaona afazali bote bakae kama nguo yake. Pale juu, mu kuhesabu benye balikuwa, yeye njo nilianza naye. Sijui kama hiyo inahesabika. Yeye atasema haihesabike.

Mama mukunga anasema mimi nachanganya: eti siku ile ya karatasi aliniuliza mara mbili, si mara moja, na mara ya pili binti yangu mwenyewe alisema kitu akiangalia ukuta, na mimi nilijifanya sikusikia. Mimi hiyo sikumbuki. Nakumbuka miguu na blanketi. Inawezekana yeye njo anasema kweli. Kama kuko mwengine mwenye alikuwa mu nyumba ile, mutu mwenye alileta maji ya moto, mutu mwenye alipita tu ku dirisha, na alisikia binti yangu anasema neno gani, akuje Vulamba aniambie. Na kama kuko mutu nimemuruka, anisahihishe nikiwa bado hai. Nisiseme tena nimemaliza.